Nyavu za Ziwa Victoria: Kagua Robota Kabla ya Kuvuka Mpaka

Biashara ya nyavu kati ya Kenya, Uganda na Tanzania ina faida, lakini robota lililonunuliwa kihalali upande mmoja linaweza kukamatwa upande wa pili. Ziwa ni moja, sheria ni tatu. Sheria hizo hazimgusi mvuvi peke yake. Mwagizaji, muuzaji na anayekutwa na nyavu haramu wote wamo. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 nchini Tanzania, nyavu nyingi zilikamatwa na kuchomwa moto.

Jambo la kwanza ni aina ya uzi. Nyavu za timba zimepigwa marufuku ziwani na nchi zote tatu. Timba hutambulika haraka: uzi wake ni mmoja, mgumu na unapitisha mwanga kama mshipi wa ndoana. Uzi unaoruhusiwa umesokotwa kwa nyuzi nyingi. Ukiukata na kuufumua ncha, nyuzi zinaachana.

Jambo la pili ni ukubwa wa macho. Kwa nyavu za makila, chini ya inchi 5 (milimita 127) ni hatari kote. Kwa sangara, Tanzania na Uganda hudai macho makubwa zaidi ya hapo. Nyavu za dagaa zina kipimo chake, nazo zifungwe robota la peke yake.

Lebo pekee isiaminiwe. Mfanyabiashara avute macho 10 yaliyopangana mpaka yajifunge, apime urefu wote, kisha agawe kwa 10. Apime sehemu tatu tofauti za wavu.

Unene wa uzi husomwa kwa namba kama 210/6 au 210/12. Namba ya mwisho inapokuwa kubwa, uzi ni mnene. Wavu wa uzi mnene hudumu zaidi, lakini ni mzito na samaki huuona kwa urahisi. Muulize mteja anatumia namba gani kabla ya kuagiza.

Jambo la tatu ni karatasi. Cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye uasili wa Jumuiya zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Nyavu zilizotengenezwa Asia hazipati uasili huo kwa sababu tu zimenunuliwa Busia. Mwenye mzigo adai ankara inayotaja kiwanda, aina ya uzi, macho na idadi ya nyavu.

Kwa wasafirishaji, ushauri ni kutopokea robota lililoshonwa bila kufunguliwa mbele yao. Vipimo hubadilika, hivyo ofisi ya uvuvi ya nchi mzigo unakokwenda iulizwe kwanza, na jibu lake lichukuliwe kwa maandishi kabla gari halijafika Sirari, Mutukula au Busia.