Nililia kwa Ajili ya Kitimoto

Hivi wewe mwenzangu, una shahada yako, una kazi yako na mchumba anayeeleweka, umewahi kulia kwa sababu ya katuni? Mimi nimelia. Tena si kwa sababu ya penzi lililovunjika wala shujaa aliyekufa vitani. Nililia kwa sababu ya nguruwe.

Usicheke kwanza, nisikilize.

Sisi tuliokulia Mbulu katuni hatukuzianzia kwenye simu. Tulizianzia kwenye magazeti yaliyopanda na basi kutoka Arusha, yakafika yamekunjwa na kuchanika pembeni. Sani, jina lililotokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, lilipita mikono kumi kabla halijafika kwetu. Baadaye tukampata Kingo wa James Gayo, na yule panya wa Masoud Kipanya ambaye hadi leo anasema mambo ambayo wengine tunayameza. Zile zilikuwa katuni za kucheka. Unacheka, unamwachia na mwingine acheke, basi.

Manga ni kitu kingine kabisa. Kwa ambaye hajakutana nazo, hizi ni hadithi za picha za Kijapani, zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na moja inaweza kuendelea kwa miaka 10 au 20. One Piece ya Eiichiro Oda ilianza mwaka 1997 na bado haijaisha! Halafu kuna hizi za Kikorea zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya simu, unateremsha kidole tu kama unasoma meseji ndefu. Hizo ndizo zinazomaliza bando za watu usiku.

Nikuambie ukweli, zile za kurushiana moto mkononi hazikunishika. Naruto nilimwacha njiani, wapenzi wake mnisamehe. Lore Olympus ya Rachel Smythe wa New Zealand, iliyoanza mwaka 2018 na kumalizika 2024, niliifuata kwa sababu ya rangi zake na kwa sababu Hades, mungu wa kuzimu, anapenda kama mwanaume mwenye aibu. Nzuri, lakini niliimaliza nikaenda kulala. Slam Dunk ya Takehiko Inoue ndiyo iliyonikalisha kitandani nimekodoa macho. Vijana wa mpira wa kikapu wanawafunga mabingwa wa nchi kwa jasho na damu, shujaa wao anaumia mgongo, halafu mechi inayofuata wanapigwa vibaya. Na mchoraji anakuambia hilo kwa maneno machache tu, kama habari ya redio. Mtu wa Mbulu hahitaji kueleweshwa hadithi hiyo. Sisi ndio kwetu kwa John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani Mexico mwaka 1968 goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza marathoni. Wa mwisho, na ndiye tunayemkumbuka.

BWANA HARUSI WA MIAKA 12

Rafiki yangu mmoja, muuguzi kule Haydom, ndiye aliyenitumia hadithi ya Kaoru Mori iliyoanza mwaka 2008, ile ya bibi harusi wa Asia ya Kati katika karne ya 19. Amir ana miaka 20, anaozwa kwa Karluk mwenye miaka 12. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, nikaizima simu. Yaani hata Mjapani naye anatupambia ndoa za watoto?

Muuguzi akanisukuma niendelee, nikaendelea. Ndoa yenyewe sijaikubali mpaka leo, nasema wazi. Lakini jamani, yule dada Mori anachora! Kuna kurasa nzima za mwanamke anadarizi, uzi kwa uzi, na bibi anamweleza mjukuu kila pambo lilitoka kwa nani katika ukoo. Nikazikumbuka sketi za ngozi za bibi zetu wa Kiiraqw, zile zilizoshonewa shanga, ambazo siku hizi watu wanaziona makumbusho. Nikawakumbuka pia mama wa Kibarbaig wanaoshuka mnadani Katesh na sketi zao za ngozi yenye nyuzi ndefu, wanatembea zinacheza. Nilimwonyesha mama yangu picha zile. Kiingereza hajui, nikawa namsimulia kwa Kiiraqw huku akipekua kwa kidole. Hakuuliza habari ya mapenzi hata kidogo. Aliuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, na nani anakamua.

NA HUYU NGURUWE

Sasa tuje kwenye Silver Spoon, maana yake kijiko cha fedha. Mwandishi wake, Hiromu Arakawa, ni mwanamke aliyezaliwa kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye baridi kali. Alifanya kazi shambani kwao miaka saba kabla ya kwenda Tokyo kuchora. Mpaka leo akijichora mwenyewe anajichora ng'ombe aliyevaa miwani. Wengi mnamjua kwa Fullmetal Alchemist, lakini hii iliyotoka kati ya 2011 na 2019 ndiyo inayotuhusu sisi watu wa Mbulu na Hanang.

Kijana wa mjini, Hachiken, anakimbia presha ya baba yake kuhusu maksi, anaingia sekondari ya kilimo ambako wenzake wote ni watoto wa wafugaji. Anakuta kitoto cha nguruwe dhaifu kuliko wote, anakipenda. Wenzake wanamwonya asikipe jina. Anakipa: Butadon, yaani bakuli la wali na nyama ya nguruwe. Kwa Kiswahili chetu, Wali-Kitimoto! Anamlisha, anamkuza, na siku ya machinjio inafika kama ilivyopangwa. Hakuna muujiza. Hachiken anachukua mshahara wake wa kibarua cha likizo, anainunua ile nyama yote, anakula na wenzake. Ni tamu. Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu ni tamu.

Nilimpa mchumba wangu asome. Yeye ni wa Hanang, kwao ni chini ya mlima, anafanya kazi Arusha na shati lake limepigwa pasi muda wote. Akasoma sura mbili tatu kunifurahisha, si unawajua wanaume. Kisha akaanza kusoma bila kuambiwa. Kisha akafika kwa Komaba.

Komaba ni mwanafunzi mwenzake Hachiken, mrusha mpira hodari wa besiboli. Baba yake amefariki, nyumbani kuna deni, na shamba linafilisika. Ng'ombe wanapakiwa kwenye lori na kuondoka. Yeye anaacha shule akatafute kazi. Na familia ya Mikage, majirani waliowawekea dhamana ya mkopo, nao wanabidi kuuza mifugo.

Mchumba wangu aliweka simu chini, akakaa kimya muda mrefu.

Tukio la Desemba 3, 2023 mnalikumbuka. Mvua ilinyesha, sehemu ya Mlima Hanang ikameguka, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kwa baba mkwe wangu mtarajiwa watu walipona. Zizi halikupona. Mwaka mzima na ushee mwenzangu alikuwa akinijibu jambo moja tu: "Tunashukuru Mungu, watu wapo." Usiku ule, kwa ajili ya lori la kuchorwa, ndipo aliponitajia wale ng'ombe mmoja mmoja kwa majina yao. Akaniambia walibaki watatu tu, wale waliokuwa wamekabidhiwa kwa rafiki wa baba upande wa Basotu kwa desturi yetu ya kuwatawanya mifugo. Na akaniambia lililokuwa chini ya hayo yote: baba yake anataka arudi nyumbani, na yeye anataka kurudi. Alikuwa anaogopa kuniambia.

Mpenzi msomaji, wewe ungesema nini? Mimi niliondoka Mbulu nikiwa na miaka 18 na baridi ile sijaitamani tena. Nimepanda vitunguu saumu, nimevuna, nimechambua hadi vidole vikanuka wiki nzima. Kwenye hadithi, Mikage ni mtoto wa pekee na hataki kurithi shamba la maziwa, anataka kufanya kazi na farasi. Hachiken anakaa naye bega kwa bega siku anapowaambia wazazi na babu, halafu anamfundisha masomo ili aingie chuo. Hapo mimi na mwenzangu tuligombana kweli. Yeye anasema Hachiken alifanya vizuri. Mimi nikamuuliza, sasa wewe kwangu ni Hachiken au ni yule babu? Hakunijibu siku hiyo.

Alijibu baada ya wiki mbili, tena kwa mpango, maana yeye ni mtu wa mahesabu. Hataacha kazi. Atanunua mitamba wawili, baba awatunze, yeye awe anapanda kila mwisho wa mwezi. Nyumba yetu itakuwa Arusha kwa miaka mitano, kisha tutazungumza upya. Nimemwambia miaka mitano nimeisikia, na nimeiandika kwenye daftari na tarehe.

Mtamba wa kwanza ameshafika Katesh. Baba aliuliza ataitwa nani. Mwenzangu akanipigia simu kunishirikisha, nikamwambia jina lolote isipokuwa la chakula. Nyuma yake nilimsikia mzee anacheka, akasema ng'ombe wa maziwa huyo, haliwi, wampe jina la mkwe.