Bua, Shina au Kikonyo? Maana ya Neno la Kiingereza "Stalk"

Mazungumzo ya leo ni juu ya neno moja dogo la Kiingereza, nalo ni stalk. Hutamkwa "stook", kwa kuivuta o kidogo, na ile l haisikiki kabisa.

Kamusi itakuambia upesi kwamba stalk ni sehemu ya mmea inayosimama na kushikilia majani, ua au tunda. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamtoshi mtu wa Tosamaganga. Mwingereza ana neno moja kwa vitu ambavyo sisi tumevipa majina mbalimbali, nasi tukichagua jina lisilofaa twaweza kupoteza chakula cha mwaka. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tulitazame neno lenyewe.

Katika mahindi na mtama, stalk ni bua. Hindi likiisha kuvunjwa, kile kinachobaki kimesimama shambani na majani yake makavu ndicho bua. Lakini waridi nalo lina stalk, na jani la mpapai lina stalk, na embe huning'inia kwa stalk. Hapo ukisema bua watu watakucheka. Neno letu ni kikonyo. Hata kaa wa mtoni, ukimtazama vizuri, macho yake yamesimama juu ya vikonyo viwili, na hivyo navyo Waingereza huviita stalks. Ndiyo sababu mtu aliyestaajabu sana wao husema macho yake yametokeza juu ya vikonyo. Tena wanayo hadithi ya watoto ya kijana Jack, aliyepanda mmea wa maharage mpaka mawinguni. Mmea ule huitwa beanstalk, ingawa sisi hatuwezi kuuita bua, kwa kuwa mharage wa namna ile hutambaa na kujizungusha mtini. Kwa Kiswahili hilo ni shina tu.

Je, shina si stem? Naam, na maneno haya mawili, stem na stalk, hukaribiana sana. Stem ni pana zaidi. Bua ni stem, na shina la mharage ni stem. Lakini shina la mti mkubwa, kama mninga, halina haki ya kuitwa stalk hata kidogo. Hilo ni trunk. Muwa na mwanzi huitwa cane, kwa sababu ya pingili zake. Bua la ngano likikauka baada ya kupurwa huitwa straw. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba Kiingereza ni maskini wa maneno haya; kimeyagawa mahali pengine, si pale tulipoyagawa sisi. Watu wa Uhehe, ambao wakati wa mvua huikata ncha mianzi michanga na kugema ulanzi, wataona ajabu kwamba Mwingereza hutumia cane kwa mwanzi wao na kwa muwa wa kutafuna.

Unguja na Pemba wanao mfano mzuri kuliko wote. Karafuu zikichumwa huja katika vichala, kisha watu hukaa na kuzitenga karafuu na vile vijiti vyake. Vijiti hivyo Waswahili huviita makonyo, na wafanya biashara wa Kiingereza huviita clove stems. Havitupwi, kwa maana vina mafuta. Huko Wawi, Pemba, kiko kiwanda cha kuyakamua mafuta hayo kwa mvuke, na watu hukiita Kiwanda cha Makonyo. Mtu akifasiri stems hapo kwa kusema mashina, msomaji atafikiri mikarafuu yenyewe inakatwa!

Liko na tendo to stalk, yaani kunyatia, kama chui amnyatiavyo mbuzi. Matamshi ni yale yale, lakini wajuzi wa asili ya maneno husema kwamba halikutoka katika bua. Ni jamaa ya neno lao la kuiba.

Sasa turudi shambani. Yuko mdudu ambaye Waingereza humwita stalk borer, mtoboaji wa mabua. Kwa Kiswahili ni bungua. Nondo jike hutaga mayai kati ya ala ya jani na bua. Viwavi wakianguliwa hula kwanza majani machanga ya katikati, ndipo utakapoona matundu yamejipanga safu. Kisha huingia ndani ya bua. Mhindi ukiwa mchanga, jani la moyo hukauka na mmea hufa. Katika nchi za juu kama Iringa, bungua huyu akikomaa hushuka mpaka sehemu ya chini ya bua lililokauka, akalala humo kiangazi chote. Mvua zikinyesha hugeuka nondo na kutoka, naye hukuta mahindi yako mapya yamechipua.

Basi tuseme mwanafunzi amepewa na baba yake karatasi ya Kiingereza isemayo kwamba baada ya mavuno stalks ziharibiwe. Akifasiri mashina, baba ataelewa visiki. Ataving'oa, na mabua aliyokwisha kuyakata atajengea ua. Akifasiri mabua bila maelezo zaidi, baba atakata yanayoonekana na kuviacha visiki, ambamo bungua pia hulala. Na akiwaachia ng'ombe kazi hiyo, mara nyingi watakula majani na sehemu ya juu iliyo laini, na kuacha kipande kinene cha chini. Tafsiri iliyo sawa ni ndefu kidogo: bua lote, tangu ncha mpaka kisiki chake.

Kuchoma huua bungua, lakini huinyima ardhi mbolea na ng'ombe chakula, wala simlaumu mkulima asiyependa kuchoma. Aweza kuyafukia chini sana wakati wa kulima. Au, ikiwa anayataka kwa ua, ayalaze shambani, yasisimamishwe wala kurundikwa, yapigwe na jua kali kwa muda wa mwezi mzima. Joto hilo na ukavu huua wengi waliomo ndani. Visiki ving'olewe navyo, vilazwe pamoja na mabua.