Nyaya za Simu za Zamani Zaweza Kufikisha Intaneti Kila Ofisi

Mkazi anayekwenda kulipia leseni ya biashara huenda akafika kaunta akaambiwa asubiri kwa kuwa mtandao haupatikani. Wakati mwingine kosa si la kampuni inayouza intaneti. Intaneti imefika katika jengo lakini imeishia chumba kimoja, na afisa anayehudumia wananchi yuko mwisho wa ukumbi au ng'ambo ya uwanja. Huduma hukwama hapo, na mkazi aliyelipa nauli hurudi nyumbani mikono mitupu.

Katika majengo mengi ya zamani, njia moja ya kuondoa tatizo hili tayari iko ukutani: nyaya za simu za mezani.

Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi majengo ya mabaraza ya miji na ya wizara za serikali kuu. Baadhi yalijengwa wakati simu zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu, ambalo liligawanywa mwaka 1999. Nyaya zake za shaba hutoka chumba cha swichibodi na kufika chumba baada ya chumba. Maafisa wakahamia simu za mkononi, nyaya zikabaki bila kazi.

Waya mmoja, kazi mbili

Sauti ya mtu anayepiga simu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa waya wa shaba, yaani mawimbi yasiyozidi kilohezi 4. Intaneti hupitishwa kwa mawimbi ya juu zaidi ya hayo. Ndiyo maana simu inaweza kuendelea kutumika huku kompyuta iko mtandaoni, kwa waya ule ule. Teknolojia hii huitwa DSL, na aina yake inayofaa umbali mfupi ni VDSL2, ambayo viwango vyake vya kimataifa vilipitishwa mwaka 2006.

Kampuni huleta intaneti hadi chumba cha swichibodi, iwe kwa faiba au kwa mawimbi ya redio. Hapo hufungwa kifaa kikuu kinachoipitisha katika nyaya za simu. Katika kila ofisi hufungwa modemu inayoipokea na kuigawia kompyuta. Panapobaki simu ya mezani, huwekwa kichujio kidogo ili mazungumzo na intaneti visiingiliane.

Waya mzuri usiozidi mita 300 hivi unaweza kupitisha karibu megabiti 100 kwa sekunde. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo kasi inavyopungua. Hata hivyo, kebo ya kawaida ya kompyuta haipaswi kuzidi mita 100 bila kifaa cha kati. Kwa ofisi zilizotawanyika katika uwanja mmoja, waya wa simu waweza kufika mahali ambapo kebo hiyo haifiki.

Ikumbukwe kuwa waya hauongezi intaneti. Ofisi ikinunua megabiti 20, meza zote zitagawana hizo hizo 20.

Hatua za kufuata

Kwanza, fundi aliyehitimu hutafuta kila waya unaanzia wapi na kuishia wapi, kisha anauwekea alama. Maungio ya kiholela yaliyoongezwa ili simu mbili zitumie waya mmoja huondolewa, kwa sababu yanapunguza kasi.

Pili, nyaya hupimwa. Simu inayokwaruza au kuvuma huashiria unyevu, kutu au kiungo kilicholegea. Waya wa namna hiyo hurekebishwa au kuachwa.

Tatu, huduma hujaribiwa kwa meza moja au mbili, saa za kazi, wakati wateja ni wengi. Matokeo yakiridhisha ndipo vifaa vya ofisi zilizobaki hununuliwa.

Nne, vifaa hukingwa dhidi ya radi na kuwekewa betri ya akiba. Simu ya kawaida ya laini hupata umeme kupitia waya wake, lakini modemu huzima stima inapopotea.

Tano, nenosiri lililokuja na modemu hubadilishwa, na mtandao wa wageni hutengwa na ule wa ofisi. Rekodi za wakazi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Pale nyaya zisipofaa

Nyaya zilizokatwa au kuoza hazifai kubembelezwa. Vilevile, jengo linalokarabatiwa au kujengwa upya ni bora liwekewe kebo mpya au faiba moja kwa moja, kwa kuwa kasi yake ni kubwa zaidi na itatumika kwa miaka mingi. Nyaya za zamani hufaa pale zilipo nzima, na pale ambapo kubomoa kuta au kuchimba uwanja kungegharimu pesa nyingi na kufunga ofisi kwa siku kadhaa.

Mkazi ana nafasi yake

Pesa za kuunganisha ofisi ni za umma. Mradi wa aina hii unapotajwa katika vikao vya wananchi vya kujadili bajeti, mkazi ana haki ya kuuliza: Je, nyaya zilizopo zimepimwa? Matokeo yalikuwaje? Ni kaunta zipi zitaunganishwa kwanza? Nani atarekebisha hitilafu, na kwa muda gani?

Wakazi pia wanaombwa kutoa taarifa kwa polisi wakiona mtu akikata nyaya za mawasiliano. Anayeiba waya wa shaba huuza kilo chache za chuma chakavu, lakini foleni ya leseni, ada na vibali husimama kwa kila mtu.