Kijana wa Vituko na Njia ya Kuelekea Ukubwani

Sinema ya dunia ina aina ya filamu ambazo hazitegemei risasi, ngumi wala mapenzi ya kuliza, na ambazo hata hivyo hupendwa na watu wa rika mbalimbali na kutazamwa tena na tena miaka mingi baada ya kutoka. Hizo ni filamu za vichekesho zinazomfuata kijana wa vituko katika miaka ile ambayo si mtoto tena na bado hajawa mtu mzima. Kijana wa vituko, kwa maana inayotumika hapa, ni yule ambaye mavazi yake, usemi wake na mambo anayoyashabikia hayafanani na ya wenzake, naye anayashikilia kwa dhati kiasi kwamba wakubwa hushindwa kuamua kama wamkemee au wamwache. Filamu hizi huchekesha kwa sababu dhati hiyo humwingiza matatani. Lakini mvuto wake hasa unatokana na heshima iliyomo ndani ya kicheko, kwa kuwa filamu iliyo bora katika kundi hili haimlazimishi kijana aache alivyo ili akubalike, bali huwataka walio karibu naye wajifunze kumfanyia nafasi.

Umri unaozungumziwa ni ule ambao jamii nyingi za Afrika Mashariki ziliuwekea utaratibu maalumu. Katika jando na unyago, vijana walitengwa kwa muda, wakafundishwa na manyakanga na makungwi yale yampasayo mtu mzima kuyajua kuhusu mwili, ndoa, adabu na wajibu, kisha wakarudishwa nyumbani mbele ya watu wakiwa na hadhi mpya. Utaratibu huo ulikuwa na ukali wake, lakini ulimhakikishia kijana kwamba havuki peke yake, kwamba yuko mkubwa anayeijua njia, na kwamba siku ya kuvuka kwake itashuhudiwa. Katika miji ya Marekani, Uingereza na New Zealand, ambako filamu nyingi za aina hii zimezaliwa, sehemu kubwa ya kazi hiyo imeachiwa shule, nayo shule hutoa cheti cha hisabati na historia bila kumfundisha mtu namna ya kupenda asipopendwa, kumlilia mzazi aliyefariki au kustahimili aibu. Kijana wa vituko, basi, hujitungia jando lake mwenyewe kwa chochote kilicho karibu naye, kiwe ni mpira, tamthilia ya shule, dansi au ushairi, na upungufu wa vifaa hivyo ukilinganishwa na uzito wa kazi yenyewe ndio unaozaa kichekesho.

Usimulizi wa ukuaji haukuanza na kamera. Mwandishi Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe alichapisha mwaka 1795 na 1796 riwaya kuhusu Wilhelm Meister, mtoto wa mfanyabiashara anayevutwa na jukwaa la maigizo, na riwaya hiyo ikawa kielelezo cha utanzu mzima unaomfuata mhusika mmoja kutoka ujana hadi ukomavu. Sinema nayo iliushika utanzu huo, na mojawapo ya kazi zilizotia alama ni ile ya huzuni ya mwaka 1959, ambapo François Truffaut wa Ufaransa alitoa Les Quatre Cents Coups, kuhusu mvulana wa Paris anayesukumwa huku na huku na wazazi, walimu na polisi. Mwaka 1971 Hal Ashby wa Marekani aliuchanganya uchungu wa namna hiyo na mzaha katika Harold and Maude, inayomhusu kijana tajiri mwenye mazoea ya kujifanya amekufa ili amshtue mama yake, hadi anapokutana na bibi anayekaribia kutimiza miaka 80 ambaye anamfundisha kuupenda uhai. Filamu hiyo ilipotoka haikufanya vizuri sokoni, ila baadaye ilijipatia mashabiki wengi waaminifu.

Miaka ya 1980 ilileta wimbi la filamu za shule za sekondari za Marekani, hasa za John Hughes, na hapo ndipo tofauti inayofaa kuangaliwa ilipojitokeza wazi. Katika The Breakfast Club ya mwaka 1985, wanafunzi watano walioadhibiwa kukaa shuleni Jumamosi wanagundua kwamba wanafanana kuliko walivyodhani, lakini msichana aliye wa ajabu kuliko wote anapendwa na mwanamichezo baada tu ya kupakwa vipodozi na kutengenezwa afanane na wengine. Filamu ya vituko kwa maana kamili hukataa suluhisho hilo, nayo ilikuwa imekwisha kulikataa miaka minne kabla, katika mji mdogo wa Scotland.

Mji huo ni Cumbernauld, mmoja wa miji mipya iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na filamu ni Gregory's Girl ya mwaka 1981, iliyoandikwa na kuongozwa na Bill Forsyth kwa fedha kidogo, huku baadhi ya waigizaji wake wakitoka katika kikundi cha maigizo cha vijana cha Glasgow. Gregory, anayeigizwa na John Gordon Sinclair, ni mvulana mrefu asiyejua la kufanya na mikono na miguu yake, ambaye nafasi yake ya ushambuliaji katika timu ya shule inachukuliwa na msichana, Dorothy, huku yeye akirudishwa golini. Badala ya kukasirika anampenda, na mshauri wake mkuu katika jambo hilo ni mdogo wake wa kike mwenye umri wa miaka 10. Siku ya miadi Dorothy hatokei. Rafiki zake wanampokezana Gregory mmoja baada ya mwingine jioni nzima mpaka anaishia kwa Susan, msichana aliyempenda tangu mwanzo bila yeye kujua. Wawili hao wanalala chali kwenye nyasi za bustani na kucheza dansi kwa mikono tu, migongo ikiwa chini. Hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Mvulana ameongozwa hadi mahali pazuri na wasichana wanaojua zaidi yake, naye ana busara ya kutosha kuridhia. Filamu hiyo ilimpatia Forsyth tuzo ya skripti kutoka akademia ya filamu ya Uingereza, inayojulikana kama BAFTA.

Rushmore, iliyoongozwa na Wes Anderson mwaka 1998 kutokana na skripti aliyoiandika pamoja na Owen Wilson, inaingia kwenye kina zaidi kwa kuonyesha kwamba kituko mara nyingi ni kinga ya jeraha. Max Fischer, mvulana wa miaka 15 anayeigizwa na Jason Schwartzman, ameanzisha au kuongoza vyama vingi vya shule yake ya gharama, kuanzia ufugaji nyuki hadi uandishi wa tamthilia, na anafeli karibu kila somo. Huwaambia watu kwamba baba yake ni daktari wa upasuaji wa ubongo, ilhali ni kinyozi, na mama yake, aliyemwezesha kuingia shule hiyo kwa tamthilia aliyoiandika akiwa mtoto mdogo, amefariki kwa saratani. Anapompenda mwalimu mjane na kumgombea kwa hila dhidi ya mfanyabiashara anayeigizwa na Bill Murray, filamu haimpambi, kwa kuwa mwalimu mwenyewe anamweleza waziwazi kwamba anayoyawaza hayawezekani na yanaumiza. Max anapoanza kukomaa, dalili yake ya kwanza ni kumtambulisha mfanyabiashara yule kwa baba yake ndani ya kibanda cha kinyozi, bila uongo. Tamthilia yake ya mwisho, yenye milipuko na helikopta kuhusu vita vya Vietnam, ina makeke yale yale ya awali, lakini safari hii anaitoa kwa kumbukumbu ya mama yake na ya marehemu mume wa mwalimu, na kipaji kilichokuwa silaha ya kujitetea kinakuwa zawadi kwa wengine.

Mfano wa tatu ni Napoleon Dynamite ya mwaka 2004, kazi ya Jared Hess aliyoiandika na mkewe Jerusha Hess na kuipiga katika mji wa Preston, jimbo la Idaho, ambako Jared mwenyewe alisoma sekondari. Bajeti yake ilikuwa takriban dola 400,000, mwigizaji mkuu Jon Heder alilipwa kwanza dola 1,000, na mapato ya kumbi za sinema yakazidi dola milioni 40. Napoleon ni mvulana mrefu mwenye nywele za matimutimu, anayepumua kwa mdomo, anayeficha viazi vya kukaanga mfukoni ili avile darasani, na anayemlisha mnyama wa bibi yake, aina ya llama, kwa hasira kana kwamba wanagombana. Rafiki yake Pedro, mgeni mpole wa asili ya Meksiko, anagombea uongozi wa wanafunzi dhidi ya msichana maarufu. Baada ya hotuba yake fupi linatakiwa onyesho, naye hana. Napoleon anapanda jukwaani peke yake na kucheza dansi aliyojifunza chumbani, akicheza kwa umakini wote na bila kutabasamu. Ukumbi uliomdharau mwaka mzima unasimama na kumpigia makofi, na Pedro anashinda. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mwaka 2005 Bunge la Idaho liliipa methali hiyo uthibitisho kwa kupitisha azimio la kuwapongeza waliotengeneza filamu hiyo.

Mbinu za filamu hizi zinafaa kuelezwa, kwa kuwa heshima inayozungumziwa hujengwa kwa kamera kama inavyojengwa kwa maneno. Mbinu ya kwanza ni ucheshi wa uso mkavu, yaani mwigizaji kutamka au kufanya jambo la ajabu kabisa bila kuonyesha kwamba anajua linachekesha. Mwigizaji anayekonyeza jicho huwa amejitenga na mhusika wake, na asiyekonyeza huwa upande wake. Mbinu ya pili ni fremu tulivu, ambapo kamera huwekwa mbele ya mhusika moja kwa moja, bila kutikisika, mhusika akiwa katikati na nafasi tupu pande zote, hivyo mtazamaji huona kwa wakati mmoja udogo wa kijana na ukubwa wa dunia inayomkabili. Mbinu ya tatu ni vitu: miwani, baiskeli, mashine ya kuchapia, kaseti. Kijana asiye na mamlaka juu ya makazi yake, shule yake wala ratiba yake ana mamlaka juu ya vitu vyake, na ndiyo maana kamera huvikazia macho kana kwamba ni hazina.

Filamu ya New Zealand ya mwaka 2016, Hunt for the Wilderpeople, inaonyesha vizuri jinsi utanzu huu unavyoweza kubeba mambo mazito. Taika Waititi aliitoa katika kitabu cha Barry Crump, nayo ikavunja rekodi ya mauzo ya filamu za nchi hiyo ndani ya nchi, rekodi iliyokuwa ikishikiliwa na filamu yake mwenyewe, Boy. Ricky Baker ni mtoto wa mjini, mnene, anayependa hip hop, aliyehamishwa na ustawi wa jamii kutoka familia moja hadi nyingine mpaka anafika shambani kwa Bella na mumewe Hec. Usiku wa kwanza anatoroka na hafiki mbali. Asubuhi Bella anamkuta na kumwambia ale kwanza kifungua kinywa, kutoroka kupo. Kitandani kwake amemwekea mfuko wa mpira wenye maji ya moto. Ricky, aliyefundishwa kutunga haiku, yaani shairi fupi la Kijapani la silabi 17, hutumia mashairi hayo kusema yale ambayo hasira haisemi. Bella anapofariki ghafla na serikali kutaka kumrudisha mtoto, yeye na Hec wanakimbilia msituni, na mzee mkaidi asiyejua kusoma anajikuta analelewa na mtoto kama anavyomlea. Mwishoni Hec amejifunza kusoma, na ametunga haiku.

Hata hivyo, utanzu huu una udhaifu wake. Mafanikio ya miaka ya 2000 yalizaa filamu nyingi za kuiga, ambazo zilichukua mavazi ya ajabu na muziki wa kupendeza na kuacha jeraha lililovipa maana, hata kituko kikawa pambo. Aidha, kwa muda mrefu mwenye ruhusa ya kuwa wa ajabu alikuwa mvulana, na msichana aliwekwa kama tuzo yake. Terry Zwigoff alilirekebisha hilo mwaka 2001 katika Ghost World, kisha Diablo Cody akapata tuzo ya Oscar kwa skripti ya Juno ya mwaka 2007, na mwaka 2017 Greta Gerwig akatoa Lady Bird, ambamo ugomvi wa binti na mama yake katika mji wa Sacramento unapewa uzito ambao filamu nyingine huupa vita.

Kenya nayo imetoa kazi iliyo jirani kabisa na kundi hili, ingawa hatima yake ni nyingine. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, msichana Jo ana ugonjwa usiotibika na anaamini kwamba yeye ni shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida kama wale wa sinema. Jo hatafika ukubwani. Kijiji kingeweza kumweleza ukweli na kumlaza kitandani. Badala yake watu wazima wanajipanga pamoja naye kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Wanachokifanya wanakijiji hao ndicho Bella anachomfanyia Ricky na ukumbi wa Preston unachomfanyia Napoleon: wanaichukulia ndoto ya mtoto kuwa jambo la maana na kuipa mashahidi.

Hapo ndipo mvuto wa filamu hizi unapokamilika. Mtazamaji kijana huzipenda kwa kuwa zinamthibitishia kwamba upweke wake haumaanishi kwamba ana kasoro, na mtazamaji mtu mzima huzipenda kwa kuwa zinampa nafasi ya kumtazama upya mtoto aliyewahi kuwa. Lakini fundisho lake kubwa ni kwa wazazi, walimu na walezi, kwa sababu katika nyingi za filamu zilizotajwa hapa kijana anavuka pale anapotokea mtu mmoja anayekubali kumsikiliza bila kumharakisha, awe mdogo wake, kinyozi, rafiki mgeni au mlezi wa shambani. Jamii iliyoacha jando na unyago haijaepukana na kazi ambayo taasisi hizo ziliifanya, na filamu hizi zinaikumbusha kwamba kijana anayeonekana kuwa kioja huenda yumo katikati ya kuvuka, na anachohitaji ni shahidi.