Bao Kubwa la Uani

Bao hujulikana kwa jicho kabla ya mkono. Mwana huketi kando ya wazee, huzitazama kete zikisambazwa shimo hadi shimo, na siku moja hujikuta keshaijua njia yake. Lakini bao la kawaida ni dogo, na wachezaji wawili wakiinama juu yake, wa tatu huona migongo tu. Tena aghalabu hukaa barazani penye wanaume. Mama na binti hulisikia kwa mbali. Ndipo twapendekeza kwa jamaa za Ndia Kuu kuchonga bao kubwa la kuwekwa uani, litakaloonwa na wote, hata babu ambaye macho yamepungua.

Mchezo huu si mgeni mjini petu. Muyaka bin Haji, malenga mashuhuri wa Mombasa wa karne ya 19, aliutungia shairi. Itakuwa hasara wajukuu wa mji huo wakilijua bao kwa jina tu.

Tatizo la kwanza ni mlango. Ubao mmoja wa ukubwa huo ni mzito, na vichochoro vyetu ni vyembamba. Basi tumwombe fundi vipande 4 vya mwembe uliokauka vyema, kila kimoja urefu futi 5 na nusu, upana inchi 8, unene inchi 4. Kila kipande ni safu moja ya mashimo 8, na jumla ni mashimo 32. Vikishaingia uani, vilazwe sambamba na kufungwa kwa mbao za kukingama chini yake. Parafujo zipite baina ya mashimo, zisiyatoboe.

Mashimo yapimwe kwa guni na kuchorwa kwa bikari, upana inchi 6, na inchi 2 baina ya shimo na shimo. Keekee itangulie kutoboa hadi kina cha inchi 3, kisha bobari, ile patasi ya kinywa cha mviringo, iondoe mbao iliyosalia, na msasa umalizie. Katika safu 2 za kati, shimo la 5 kutoka kushoto kwa kila mchezaji lichongwe mraba: hiyo ndiyo nyumba. Mwisho bao lipakwe mafuta ya kitani. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yasikunjwe na kurundikwa, kwani huweza kushika moto yenyewe. Yatandazwe nje yakauke.

Kete ni kazi ya watoto. Komwe zitapotea katika mashimo makubwa hivyo. Waokote kokwa 64 za kungu chini ya mikungu, wazioshe na kuzianika juani. Kila mchezaji ana kete 32: 6 katika nyumba, 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwake, na 22 zikingoje mkononi kuingizwa moja moja. Hapo mtoto anafanya hesabu bila kuambiwa kuwa ni somo.

Ama kuhusu sharia, bao halina dadu. Mshindi hupatikana kwa hesabu na fikra. Lakini kamari imeharamishwa waziwazi katika Surat Al-Maida, aya ya 90, basi pasiwekwe dau lolote, hata la chupa ya soda. Wala mchezo usile wakati wa swala, wa masomo, au wa kumsaidia mama jikoni.

Muadhini akiadhini, kete ziachwe zilivyo na watu waende kuswali. Bao liko wazi uani na hakuna wa kulilinda. Wakirudi na kuikuta kila kokwa katika shimo lake, watakuwa wamecheza vizuri, awe ameshinda nani.