Mbwa Mzee Anapougua Nyumbani

Mzee anapofariki katika familia zetu, ndugu hukaa kikao wakagawana mali na majukumu. Shamba hupata mwenyewe, mbuzi hupata mwenyewe, hata redio hupata mwenyewe. Mbwa aliyelinda boma hilo miaka kumi na zaidi aghalabu hana wa kumchukua. Hubaki akiizunguka nyumba iliyofungwa, anakonda, kupe wanamjaa, watoto wanamrushia mawe, na mwisho mtu anasema afadhali atiliwe sumu. Mwezi huu tunapenda kusema na familia iliyomwonea huruma mbwa wa namna hiyo ikamchukua, na sasa inajiuliza imfanyie nini, maana ni mzee na ni mgonjwa.

Kazi hii si ngeni duniani. Katika mji wa San Francisco, Marekani, kuna shirika liitwalo Muttville, lililoanzishwa mwaka 2007 na mama Sherri Franklin kwa ajili ya mbwa wazee peke yao. Wale wenye maradhi yasiyopona hukaa katika nyumba za watu waliojitolea, wakatunzwa humo hadi siku zao ziishe. Wengi wetu hatuna shirika la kutusaidia gharama. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utunzaji huu haidai fedha nyingi. Yadai maji, mahali pakavu pa kulala, na macho ya kuangalia.

Kwanza kabisa, tusiharakishe kusema, "Ni uzee tu." Mbwa mkubwa wa mwili huanza kuzeeka akifika miaka 7 au 8, mdogo huchelewa zaidi, lakini uzee peke yake haukondeshi mbwa mpaka mbavu zikahesabika. Homa iletwayo na kupe humdhoofisha, humwishia damu, ufizi ukawa mweupe, na mara nyingi hupona kwa dawa akiwahiwa. Uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, ambao mbwa huambukizana kwa kupandana, unatisha kuutazama. Lakini wengi hupona kwa sindano za vinkristini anazochomwa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa. Jike asiyefungwa kizazi, akianza kunywa maji mengi na kukataa chakula wiki chache baada ya kutoka kwenye joto, yawezekana mfuko wake wa uzazi umejaa usaha. Huyo asingoje hata kesho. Kwa hiyo mwiteni bwana mifugo au daktari wa mifugo amwone kabla ya kumhukumu.

Tena mbwa hujua kuficha maumivu. Wengi mmesikia habari za Hachiko wa Japani, aliyeendelea kumngoja bwana wake, Profesa Ueno, kwenye stesheni ya Shibuya baada ya profesa huyo kufariki mwaka 1925. Alijengewa sanamu mwaka 1934 akiwa angali hai, akafa mwezi Machi 1935. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tokyo waliochunguza viungo vyake vilivyohifadhiwa walikuta kwamba alikuwa na saratani ya mapafu na moyo, pamoja na minyoo ya moyo. Waliompita stesheni waliona mbwa anayesubiri. Saratani hawakuweza kuiona. Nyumbani, dalili za maumivu ni ndogondogo: anahema kwa nguvu na hali amelala kivulini, analamba mahali pamoja bila kuacha, ananguruma akiguswa kiuno, haendi tena langoni mgeni anapobisha hodi.

Hapa yatupasa kutoa onyo, kwa ajili ya watoto hasa. Mbwa mgonjwa ambaye taya limelegea, mate yanamdondoka, sauti imebadilika na hawezi kumeza, msimtie mkono kinywani mkidhani amekwamwa na mfupa. Kichaa cha mbwa huweza kuja kwa ukimya namna hiyo, bila ukali wowote. Mfungieni peke yake na kumwita mtaalamu. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa mzee mliyempokea naye apate chanjo yake, isipokuwa mtaalamu akiona hali yake haimruhusu kwa wakati huo.

Sasa tuje kwenye kazi ya kila siku. Mbwa mwenye viungo vibovu huumizwa na sakafu ya saruji. Mtandikieni gunia lililojazwa nyasi kavu, au godoro kuukuu lililofunikwa nailoni, mahali pasipo na upepo. Asiyeweza kusimama ageuzwe upande kila baada ya saa chache, mchana na jioni, la sivyo atachubuka viwiko na nyonga. Mkojo uoshwe mara moja na manyoya yakaushwe, kwa sababu katika nchi zetu za joto nzi hutaga penye unyevu na kidonda, na kwa siku moja au mbili mabuu yanakuwa yamekwisha kuingia. Kama anajikojolea, msimnyime maji! Figo zilizochoka haziwezi kubana mkojo, hivyo mbwa hulazimika kunywa sana ili aishi. Ukimnyima, unamuua.

Chakula kiwe laini na kidogo kidogo: uji mzito wa dona wenye dagaa waliooshwa chumvi, yai, au mchuzi wa nyama usiotiwa kitunguu. Vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Msimpe hata akiomba.

Na dawa za watu ziachwe kabatini. Panadol, brufeni na diklofenaki, ambazo kila nyumba inazo, zimeua mbwa wengi waliopewa kwa nia njema. Zinaharibu ini, zinatoboa tumbo, zinafunga figo. Zipo dawa za maumivu zinazomfaa mbwa, kama meloksikamu, lakini hupimwa kwa uzito wake, na mwenye figo mbovu huenda asipewe kabisa. Hilo aamue daktari wa mifugo.

Sisi nyumbani tulikaa miezi 7 na mbwa wa bibi jirani yetu, marehemu. Jina lake Simba, ingawa meno alikuwa amebakiwa na machache. Figo zake zilikuwa zimekwisha, tukaambiwa hivyo mapema. Kwenye kalenda ya ukutani tuliandika duara kwa siku aliyokula, akaamka, akatikisa mkia. Msalaba kwa siku aliyoshindwa. Mwezi wa tano maduara yalikuwa 22. Mwezi wa saba yalikuwa 8. Mtu anayempenda mnyama hujidanganya kwa urahisi, jana husahau na leo hutumaini, lakini kalenda haikutudanganya.

Wanaotaka kipimo kamili zaidi wanaweza kutumia kile alichotunga Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, mwaka 2004. Hutazama mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila moja hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 mbwa bado ana maisha yenye nafuu.

Baadhi ya waumini hutuuliza kama kumchoma mbwa sindano ya kumaliza maisha si sawa na eutanasia ambayo Kanisa linaikataza. Si sawa. Katazo hilo lahusu uhai wa binadamu. Kuhusu wanyama, Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba si haki kuwatesa au kuwaua bila sababu. Nayo yaongeza kwamba fedha zinazopaswa kwanza kupunguza taabu za watu zisimalizwe kwa wanyama. Basi familia isiyo na karo ya shule isione aibu kuacha upasuaji wa gharama kubwa. Maji, kitanda kikavu na mwisho usio na mateso vinatosha, na hivyo mbwa anavistahili. Sumu haimo katika hesabu hiyo. Anayekufa kwa striknini hukakamaa na kutetemeka akili zake zikiwa timamu.

Kwa sindano, daktari kwa kawaida huanza na dawa ya usingizi, kisha humpa pentobabitali nyingi. Mbwa hupoteza fahamu katika sekunde chache na moyo husimama muda mfupi baadaye. Macho hubaki wazi, pumzi moja au mbili huweza kutoka, na mkojo pia. Hayo si maumivu, basi msishtuke. Akae mmoja mliyezoeana naye, amshike kichwa.

Watoto waambiwe neno lenyewe: amekufa. Ukimwambia mtoto mdogo kwamba mbwa amelala, huenda akaogopa kulala usiku. Ukimwambia amesafiri, atamngoja langoni. Anayetaka kumwona na kumuaga aruhusiwe, anayekataa asilazimishwe, na akilia asiambiwe ni mbwa tu.

Mwili usitupwe jalalani wala porini, kwa sababu dawa ile hubaki ndani ya nyama na huua mbwa wengine, fisi na tai watakaoila. Chimbeni shimo lisilopungua mita moja na nusu, mbali na kisima na mto, mfukieni siku hiyo hiyo, na juu ya udongo mpange mawe mazito. Matandiko yachomwe moto, na waliomwosha wanawe mikono kwa sabuni.