Uzi wa Plagi Umeliwa: Usipake Gundi, Usikimbilie Hedi Mpya



Msimu uliopita kijana mmoja wa Malolo, mkulima wa vitunguu, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Shikamoo bwana shamba. Plagi imeruka! Nimeirudisha lakini inazunguka tu, haikazi."

Vitunguu vyake vilikuwa ndiyo vinaanza kujaza. Wote mnajua hatua hiyo: ukikosa maji siku chache tu, unakuja kuvuna vitunguu vidogo ambavyo mnunuzi anavipita bila hata kuuliza bei. Shamba lake halifikiwi na mfereji, kwa hiyo anategemea pampu ndogo ya petroli.

Fundi wa kwanza alimshauri apake gundi ya chuma. Wa pili akamwambia anunue hedi mpya. Nikamwambia: "Mdogo wangu, kwanza azima au kodi pampu ya jirani umwagilie leo. Ukishaokoa mazao, tutaongea habari za injini." Nilisema hivyo kwa sababu kinachowaponza wengi ni haraka. Mtu anaona shamba linakauka, anakubali ufundi wowote.

Kwa nini uzi unaliwa

Hedi ya pampu hizi ni ya alumini, na plagi ni ya chuma. Alumini ni laini, kwa hiyo vikigombana, alumini ndiyo inaumia. Mara nyingi chanzo ni sisi wenyewe: kuingiza plagi ikiwa imekaa upande halafu kulazimisha na spana, kukaza kupita kiasi, au kufungua plagi injini ikiwa bado ya moto. Kuna na kosa la kufunga plagi fupi kuliko inayotakiwa. Masizi yanajaa kwenye uzi wa chini, na siku ukirudisha plagi sahihi inakwangua kila kitu. Plagi ndefu kupita kiasi nayo ni hatari, maana inaweza kugonga pistoni.

Dalili ni hizi: plagi inazunguka bila kukaza, unasikia "chii chii" ya hewa inayovuja, kuna masizi au mafuta kuizunguka, injini inawaka kwa shida na nguvu imepungua. Ukiona hivyo, zima. Ukiendelea, plagi itaruka na kile kidogo kilichobaki cha uzi.

Dawa yenyewe

Gundi haifai. Pale pana moto mkali na mgandamizo mkubwa, gundi haidumu. Kufungia plagi na karatasi ya sigara au uzi wa nguo ni vilevile, na kulazimisha plagi nene zaidi ni kuongeza kidonda.

Kama ni mizunguko ya mwanzo tu iliyoumia, fundi anaweza kuinyoosha kwa kifaa cha kusafishia uzi. Kama wote umekwisha, tundu linapanuliwa, linakatwa uzi mpya mkubwa zaidi, kisha inawekwa bushi ya chuma yenye uzi nje na ndani, au koili ya waya wa chuma. Plagi yako ya zamani inarudi palepale. Kwa plagi inayofunguliwa mara kwa mara, mimi napendelea bushi. Ikifungwa vizuri, uzi wa chuma ni mgumu kuliko ule wa alumini uliotoka kiwandani.

Mimi ni bwana shamba, si fundi. Lakini unayelipa ni wewe, kwa hiyo simamia mambo haya:

1. Hedi ishuke. Kwenye pampu hizi hedi inashikwa na bolti chache tu. Ukikata uzi hedi ikiwa juu ya injini, chenga za alumini zinaangukia ndani na kukwaruza silinda.
2. Tundu liwe wima. Kifaa cha kukatia uzi kikiinama kidogo, plagi nayo itakaa upande.
3. Bushi isichomoze ndani. Kipande kinachochomoza kinakuwa chekundu kwa joto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake.
4. Gasketi ya hedi iwe mpya, na nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi. Kwa Honda GX160 ni milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa moshi. Injini nyingine, fuata kitabu chake.

Kazi hii inataka vifaa sahihi na mkono uliotulia. Ukiwa upande wa Mikumi kuna chuo cha VETA, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia mtu anayejua kazi ya vyuma. Kabla ya kukubali, uliza bei tatu: bushi na ufundi, hedi mpya, na siku moja ya kukodi pampu. Hedi ikiwa na ufa au imepinda, hapo sawa, nunua mpya.

Yule kijana wa Malolo alichagua bushi. Alimwagilia kwa pampu ya jirani mpaka yake ikarudi, na msimu akaumaliza nayo.

Kinga

Subiri injini ipoe. Puliza mchanga kuzunguka plagi kabla ya kuifungua. Unapoirudisha, ichomeke kwenye kipande cha mpira wa petroli na uzungushe kwa vidole. Ikiwa imekaa upande, mpira utateleza badala ya kulazimisha. Ikishakalia, plagi mpya yenye washa ongeza nusu mzunguko kwa spana. Iliyokwishatumika, moja ya nane hadi robo mzunguko tu. Hakuna kuongeza bomba kwenye mkono wa spana!

Na hili fanyeni kabla ya msimu, si vitunguu vikiwa vinajaza. Wewe wa Rudewa, wewe wa kando ya Mkondoa, wiki hii fungua plagi yako, itazame uzi wake. Ukiona chenga za alumini zimeshika kwenye plagi, tafuta fundi sasa hivi, bado una muda wa kuchagua.

Kazi njema.